Kidaka cha Katikati

Orodha ya kwanza niliiandika nyuma ya karatasi ya sukari,
kwa penseli ya mama ya kuchorea kofia,
nayo ilikuwa orodha ya mwendawazimu:
kadi ya michoro ya bei ya punda wawili,
feni saba zenye taa za harusi,
kasha la kioo mbele, kioo ubavuni,
kioo hata pale ambapo kioo hakina kazi.

Nikajumlisha.
Nikajumlisha tena, labda penseli imekosea.
Kofia thelathini na nane.
Mimi hushona moja kwa wiki tatu, macho yakikubali.

Famau, ambaye hajawahi kufungua hata rimoti,
akasema: "Anza na kadi.
Mengine yote ni wali mkavu, kadi ndiyo mchuzi."
Nikamwamini siku nne.
Siku ya tano nikasoma vipimo:
kadi ile hula umeme kuliko friji ya dukani,
na hapa kwetu Mkomani
jirani akipiga pasi, taa zetu hukonyeza.

Basi nikafuta.
Kufuta ni nusu ya kuchagua; hakuna aliyeniambia.
Futa taa. Futa feni tano. Futa jina kubwa,
ulipie kilicho chini ya jina.
Prosesa nikachukua ile yenye macho yake yenyewe,
inayoweza kuchora bila kadi,
polepole, vibaya, lakini inachora,
kama mtoto wa chuoni na alifu yake
iliyolala kidogo.

Ubao mama ulinila mwezi mzima.
Soketi ya huyu haimkubali yule,
ramu ya kizazi hiki haiingii mlango wa kizazi kile.
Posa tupu: ukoo gani, pini ngapi,
nani ataishi na nani bila ugomvi.

Kasha ndilo lililomwingiza mama.
Nilimwonyesha picha simuni, lile la kioo,
nililokuwa nikilifuta na kulirudisha, kulifuta na kulirudisha.
Akaitoa sindano mdomoni.
"Na pepo hupita ndia gani?"
Nikasema pana tundu nyuma.
Akaiinua kofia aliyokuwa akiishona,
akaiweka mbele ya taa,
vitundu vyake vyote vikaangukia ukutani kwa mara moja.
"Kichwa cha mtu nakipa tundu zote hizi.
Hicho chako chenye moto wakitia chupani?"

Nikachagua la wavu.
La bei nafuu, rangi ya masizi,
uso wote umetobolewa kama kofia ya Idi.

Chumvi haikuwa kwenye orodha.
Hakuna duka linaloandika
kwamba hewa ya hapa hula shaba,
kwamba redio ya babu ilioza ikiwa imezimwa.
Nikazunguka mtaa kuomba vile vipakiti vya chembe
vinavyokaa ndani ya viatu vipya.
Nimepata arobaini na kimoja.

Kwenye pawa saplai ndipo nilipotaka kujiibia.
Iko ndani, nani ataiona?
Palikuwa na ya nusu bei,
nyepesi kama bati tupu la biskuti.
Fundi Saggaf akaipima kiganjani, akanirudishia:
"Hii itakufa. Na haifi peke yake."
Nikarudi, nikashona kofia mbili zaidi.

Sasa vinakuja kimoja kimoja kutoka Mombasa.
Skrini ilipita vichochoroni juu ya punda,
imefungwa leso mbili,
watoto nyuma yake kama wanasindikiza bibi harusi.
Navipanga kwenye vidaka vya ukuta wa ndani,
pale mamake bibi alipopanga sahani za Kichina:
prosesa katika kisanduku chake,
diski nyembamba kama kipande cha halua kilichokatwa na bahili,
pawa saplai chini kabisa, nzito,
mgeni aliyekula akashiba.

Wageni wa kweli huuliza.
Mama hujibu, "Ni mahari."
Mahari ya nani?
"Hatujaambiwa."

Kidaka cha katikati, kile kipana chenye nakshi,
nimekiacha kitupu.
Kadi bado.
Kofia kumi na moja, nikihesabu kwa uaminifu,
na hii iliyo mkononi haijafika nusu.
Jana usiku stima iliporudi
nikakipima tena kwa rula:
sentimita thelathini, na unyoya.
Itaingia.